Pindo la kitambaa cha mezani: pamba, deni, na wamama wa Gee's Bend

Wandugu na wadada wa association, hapa tumezoea kusoma historia ya wafalme, ya vita, ya mikataba iliyosainiwa Berlin ao Bruxelles. Leo naleta historia ya kitu kidogo sana: ule mkanda mwembamba wa kitambaa unaoshonwa pembezoni mwa kwilti. Mafundi wetu wengi wa mjini wanauita biye. Mimi nitasema pindo tu.

Munaweza kuuliza: mtu wa agronomia anatafuta nini kwenye mambo ya sindano? Jibu langu ni fupi. Kwilti ni pamba. Juu pamba, ndani pamba, chini pamba, na uzi pia pamba. Na historia ya pamba, kwa Wamarekani weusi wa Alabama kama vile kwetu Kongo, ni historia ya watu waliolima kitu kingi na kubakia bila nguo. Ukitaka kuona hiyo historia kwa macho yako, usiangalie katikati ya kwilti penye rangi nzuri. Angalia pembeni.

Kwanza kazi yenyewe

Kwa asiyejua: kwilti ni tabaka tatu zilizoshonwa pamoja. Juu kuna vipande vilivyounganishwa, katikati pamba ya kuleta joto, chini kitambaa cha mgongo. Ukishona mistari kupenya tabaka zote tatu, inakuwa kitu kimoja. Inaweza kuwa blanketi la kitanda, inaweza kuwa kile kitambaa kirefu cha katikati ya meza. Lakini hata ukishona vizuri namna gani, pembeni kunabakia wazi: nyuzi zinachomoza, pamba inaonekana, na ukifua mara tatu kazi yote inaanza kufunguka. Njo maana lazima kufunga ukingo.

Namna wanayoiita nzuri ni hii. Unakata mikanda ya sentimeta 6 upana, unaiunganisha mpaka inakuwa mrefu kuzunguka kitambaa chote. Unaikunja mara mbili kwa urefu, unapiga pasi, inabakia sentimeta 3. Unaweka ule upande ulio wazi sawasawa na ukingo wa kwilti, upande wa juu, unapitisha mashini karibu milimeta 7 kutoka ukingoni. Ukikaribia kona unasimama milimeta 7 mbele ya kufika mwisho, unakunja mkanda kwenda juu mpaka unatengeneza pembe ya digrii 45, halafu unaurudisha chini na kuendelea. Ukimaliza kuzunguka, unageuza mkanda nyuma na kuushona kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana. Kona inatoka kali kama kona ya kitabu.

Sasa tufanye hesabu, maana tuko wasomi. Kitambaa cha mezani cha sentimeta 35 kwa 180 kina mzunguko wa sentimeta 430. Ongeza 25 za kona na maungio: 455. Zidisha kwa upana wa mkanda, 6: unapata sentimeta mraba 2,730. Na eneo la kitambaa chenyewe ni 35 mara 180, yaani 6,300. Kumbe pindo peke yake linakula nguo inayolingana na zaidi ya asilimia 43 ya sehemu yote ya juu! Kile kitu kinachoonekana kama uzi wa rangi pembeni, njo kinakula kitambaa.

Kuna namna ya pili, ya zamani sana. Unakata kitambaa cha mgongo kikubwa kidogo kuliko vingine, tuseme sentimeta 2 na nusu kila upande, halafu unakileta mbele, unakunja, unashona. Hakuna mkanda wa kununua. Hesabu: 40 mara 185 ni 7,400; toa 6,300, unapata 1,100. Umetumia chini ya nusu ya ile nguo ya namna ya kwanza. Lakini kuna bei unayolipa nyuma. Ukingo njo unaanza kuchakaa mbele ya vyote. Pindo la mkanda uliokunjwa lina tabaka mbili, na likichakaa unalitoa na kuweka lingine. Pindo la mgongo uliokunjwa, likikatika, ni mgongo wenyewe umekatika.

Kwa hiyo mtu anayechagua namna ya pili hachagui sababu hajui kazi. Mara nyingi anachagua juu hana nguo. Shikeni hilo neno, tutalirudilia.

Kijiji ndani ya kona ya mto

Kuko sehemu Alabama, wilaya ya Wilcox, ambapo mto Alabama unapinda kama kiatu cha farasi na kuzunguka ardhi pande tatu. Inaitwa Gee's Bend, kwa jina la Joseph Gee, mwenye shamba kubwa aliyefika huko mwanzoni mwa karne ya 19 pamoja na watumwa wake. Mwaka 1845 jamaa zake walikuwa na deni la dola 29,000, na wakalipa kwa kumpa mdai wao, Mark Pettway, shamba na watu waliokuwa ndani yake. Soma tena: watu walilipwa kama deni. Pettway akahama kutoka North Carolina, na watumwa wake karibu 100 wakatembea kwa miguu njia ya karibu kilometa 1,000. Mpaka leo watu wengi wa hapo wanaitwa Pettway, jina la aliyewamiliki.

Nyuma ya utumwa kuisha, ardhi haikugawanywa. Watu wakabakia kulima pamba juu ya shamba la mtu mwingine na kumpa sehemu ya mavuno ao kodi. Mbegu, mbolea, chakula cha miezi ya njaa, vyote walichukua kwa mkopo kwa mchuuzi wa mji wa Camden, ng'ambo ya mto. Yeye njo alikuwa anaandika daftari, yeye njo alikuwa anauza pamba yao, na yeye njo aliwaambia mwisho wa mwaka kama wamebakiwa na kitu. Mnamo miaka ya 1910 yule mdudu anayekula vitumba vya pamba, aliyetoka Mexico kupitia Texas, akaingia Alabama. Kisha bei ikaanguka: pauni moja ya pamba iliyouzwa zaidi ya senti 30 mwaka 1919 ilifika senti 5 ao 6 mwaka 1931.

Mwaka 1932 yule mchuuzi akafa, na mjane wake akadai madeni yote mara moja. Watu wake wakaingia kwenye familia karibu 60 na kubeba kila kitu: nyumbu, ng'ombe, majembe, mikokoteni, mahindi, viazi vitamu, hata kuku. Majira ya baridi yale watu waliponea kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Miaka michache nyuma yake, serikali ya Roosevelt ilinunua ardhi, ikajenga nyumba, ikakopesha familia, na katika miaka ya 1940 wengi wakaweza kununua mashamba yao. Mpiga picha wa serikali alipofika mwaka 1937, kati ya vitu alivyopiga kulikuwa kwilti juu ya vitanda, na kurasa za magazeti zilizobandikwa ukutani kuzuia upepo.

Wakulima wa pamba wasio na nguo

Sasa tuangalie hizo kwilti. Nyumba za mbao zilikuwa na matundu, na baridi ya kule si mchezo. Mama mwenye watoto nane alihitaji kwilti nyingi kila mwaka. Vifaa vyake vilikuwa gani? Suruali za kazi zilizochakaa magotini, mashati, mifuko ya mbolea, ya unga, ya sukari. Pamba ya ndani ilitoka mabaki ya shambani ao vumbi la pamba la kwenye kinu, wakaipiga kwa fimbo mpaka ikawa laini. Muone namna mambo yanavyozunguka: yule aliyelima pamba kwa tani alikuwa anafagia mabaki yake ili watoto wake wasikufe baridi.

Na pindo? Kwenye kwilti nyingi za namna hii, pindo ni ule mgongo ulioletwa mbele. Mkanda wa pekee ulikuwa anasa. Pembe hazikai kali, ukingo mmoja unaweza kuwa mpana kuliko mwingine, sababu mfuko wa mbolea uliishia pale.

Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mume wake. Alichukua nguo zake za kazi, zile zilizopauka kwa jua na jasho la shambani, akazishona kwilti ili ajifunike na kumkumbuka. Binti yake Arlonzia, aliyesaidia kazi ile akiwa kijana, njo alieleza habari hiyo miaka mingi baadaye. Kwilti hiyo ipo mpaka leo. Alama za mifuko na za magoti zinaonekana, rangi nyeusi zaidi mahali ambapo jua halikufika. Kwangu mimi hiyo ni maktaba sawasawa na daftari la mchuuzi, tofauti ni kwamba hii iliandikwa na mwenye kudaiwa.

Na siye?

Hapa njo najisikia nimeguswa. Kwenye fakilte tunafundishwa pamba kama zao: Gossypium hirsutum, mahitaji ya mvua, wadudu, urefu wa nyuzi. Wanasahau kutuambia vizuri namna iliingia mashambani kwetu. Sheria ya tarehe 20 Februari 1917 ilimpa mkoloni Mbelgiji uwezo wa kulazimisha kila mkulima kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia siku zikafika 120. Mpango huo ulisukumwa na Edmond Leplae, mkuu wa idara ya kilimo. Alikuwa agronomu kama sisi. Mwaka 1920 Cotonco ikaundwa, na makampuni yakapewa kila moja eneo lake: mkulima wa eneo hilo alilazimika kuuzia kampuni hiyo tu, kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Asiyelima alipigwa fimbo ao alifungwa. Na mara nyingi aliyekagua mistari ya shamba na kuandika majina alikuwa moniteri wa kilimo.

Familia za Uele, Maniema, Kasai, Tanganyika zilijaza magunia, na magunia yakaenda. Wengi wao walirudi kununua nguo iliyofumwa kwa pamba kama ile yao. Nyuma yake vilikuja viwanda hapa, na wazee wa Kalemie bado wanakumbuka Filtisaf. Leo mashini zake zimenyamaza, na kikwembe tunachovaa siku ya defanse ya memwari kimefika kutoka Uholanzi ao China.

Tena ufundi wa ukingo haukuwa mgeni kwetu. Kasai, kati ya Wakuba, wanaume wanafuma nyuzi za rafia na wanawake wanapamba kwa sindano. Sketi zao za sherehe zinaunganishwa vipande vingi na kuzungushiwa ukingo wake wa pekee, wenye michoro tofauti na katikati. Sisemi kama Kasai ilifundisha Alabama. Nasema tu mikono ya kwetu ilijua kuheshimu pindo mbele pamba ya lazima kufika.

Uhuru wa kushona

Turudi Wilcox. Miaka ya 1960 watu wa Gee's Bend wakaanza kuvuka mto kwenda Camden kujiandikisha ili wapige kura. Mwaka 1962 pantoni ikasimamishwa. Safari ya dakika chache juu ya maji ikawa barabara ya zaidi ya kilometa 60. Februari 1965 Martin Luther King alifika kijijini kuwatia moyo. Waliojiandikisha, wengine wao walifukuzwa kwenye ardhi waliyokuwa wanakodi.

Mwisho wa mwaka ule padri mmoja Muanglikana, Francis X. Walter, akapita na kuona kwilti zimeanikwa kwenye kamba. Akaanza kuzinunua dola 10 moja na kuzipeleka New York ziuzwe kwa mnada. Machi 1966 wamama wakaunda koperative yao, Freedom Quilting Bee, yaani kikundi cha uhuru cha kushona kwilti. Estelle Witherspoon aliiongoza kwa miaka mingi. Kwilti zikafika kwenye duka kubwa la Bloomingdale's.

Lakini soko lilikuja na masharti. Mnunuzi wa New York alitaka kwilti ya kumi ifanane na ya kwanza: vipimo vile vile, michoro ile ile, mishono sawa. Wamama waliozoea kila mmoja kushona kwa akili yake, leo hivi kesho vile, wakajifunza kazi ya sampuli. Mwaka 1972 wakapata kandarasi ya kampuni ya Sears: kushona foronya za kitambaa cha kodurai, maelfu ya vitu vinavyofanana. Je, hiyo ilikuwa kuwanyonga? Wengine wanasema ndiyo, usanii ulikufa kwenye meza ya kiwanda. Mimi naangalia na upande mwingine. Mshahara uliingia kila wiki mikononi mwa wanawake ambao mbele yake walijua daftari la deni tu. Na mabaki ya kodurai walibeba nyumbani, na humo wakashona kwilti zao kwa mtindo wao, za kijani ya avoka na rangi ya dhahabu, ambazo leo ziko kati ya zile zinazosifiwa zaidi.

Na kuna jambo ambalo kwangu linapita yote. Koperative ilinunua ardhi, eka 23, kama hektari 9. Juu yake wakajenga nyumba yao ya kushonea, na vipande vingine vikauzwa kwa familia zilizofukuzwa juu ya kudai haki zao. Kwa sindano wakanunua kile ambacho miaka mia moja ya kulima pamba haikuwapa.

Mwaka 2002 kwilti za Gee's Bend ziliwekwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney Museum, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake. Mwaka huo huo pantoni ikarudi mtoni, nyuma ya miaka 44. Wale walioshangilia kule New York walisifu kona zisizolingana na kingo zilizopinda. Kile kilichoitwa kazi mbovu wakati wa umaskini, kikaitwa sanaa siku tajiri alipokipenda. Koperative yenyewe ilifunga milango mwaka 2012, wamama wengi wakiwa wamezeeka ao wamekufa.

Hii inatuhusu vipi

Tangu nimalize lisansi, nimefuatana na vikundi kadhaa vya wamama wakulima ambao wakati wa kiangazi wanashona. Kimoja kilipewa oda ya vitambaa vya mezani na shirika moja, vitambaa 40. Vikarudishwa 26: "pindo si safi". Wamama walikuwa wamekunja mgongo mbele, maana bei waliyopewa haikutosha kununua nguo ya mikanda. Sasa munaijua hesabu. Hakuna aliyeifanya mbele ya kuweka sahihi. Shirika liliandika "pindo la daraja la kwanza" kwenye karatasi, na kulipa pindo la daraja la pili. Halafu kwenye ripoti wakaandika kwamba wamama wanahitaji formation.

Siandiki haya kusema masharti ya mnunuzi ni mabaya. Pindo zuri ni zuri, kona kali ni kona kali, na mama wa kwetu anaweza kuishona vizuri kushinda mashini ya China. Ninachosema ni kwamba kila sharti lina bei, na historia ya pamba ni historia ya watu waliotwishwa masharti bila bei. Mkulima wa Uele alipewa mistari, tarehe ya kupanda na ya kuvuna. Bei ilikaa mfukoni mwa mwingine. Mkulima wa Gee's Bend alipewa mbegu. Daftari lilikaa Camden. Koperative ya Alabama iliweza kusimama zaidi ya miaka 40 si sababu ilipata mnunuzi mwenye huruma. Iliweza sababu daftari na ardhi vilikuwa vyake.

Siye tuko kizazi kinachoitwa kila siku "kusindikiza" vikundi. Moniteri wa 1930 naye alikuwa anasindikiza. Tofauti kati yetu na yeye haitatoka kwenye diploma. Itatoka kwenye maswali tunayouliza mbele ya wamama kuweka sahihi. Nguo ya pindo nani anainunua? Saa za kushona kwa mkono upande wa nyuma, ambazo hazionekani, zimehesabiwa ngapi? Na mabaki yanabakia kwa nani?

Kile kikundi nilichosema, tulikaa nao chini ya mti na kipimo cha mita na kalamu. Wakapiga hesabu wenyewe: mikanda, uzi, mafuta ya mashini, saa. Oda iliyofuata walikataa bei ya kwanza, wakapata nyingine. Haikuwa kubwa sana, lakini ilifunga pembe zote nne.